Kukosoa ni Kulitendua Kosa: Funzo la Maisha ya Lev Yashin

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili tunavyovitumia kila siku bila kuvitafakari ni kitenzi kosoa. Wanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba lugha yetu ina kauli ya kutendua, yaani ile inayolipindua tendo na kulirudisha lilikotoka. Aliyefunga mlango huufungua, aliyechoma mkuki huuchomoa, na aliyepanga vitabu aweza kuvipangua. Kwa kanuni iyo hiyo, kutokana na kosa tunapata kosoa. Kwa umbo lake basi, kukosoa ni kulitendua kosa. Hakuna silabi hata moja katika neno hili inayotaja kumtendua yule aliyekosa.

Nimeanza na sarufi kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, lakini jambo ninalotaka kulizungumzia limevuka mipaka ya sarufi. Katika shule zetu, vyuo vyetu na viwanja vyetu vya michezo, kukosoa kumegeuka kuwa jina la adabu la kulaumu, kukejeli na kubandika watu majina. Kwa upande wa pili, wapo walezi ambao kwa kuchukizwa na ukali huo wameamua kumsifu mtoto kwa lolote afanyalo, wakitumaini kuwa sifa hizo zitamjengea hali ya kujiamini. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimepotoka. Kujiamini hakuzaliwi na matusi, wala hakuzaliwi na sifa za bure. Huzaliwa mtu anapoonyeshwa kosa lake waziwazi, akapewa nafasi na muda wa kulitendua, kisha akajionea kwa macho yake mwenyewe kwamba limetenduka.

Ili kulithibitisha dai hilo sitamtaja mwalimu wala mwanafalsafa. Nitamtaja mlinda lango. Wachezaji wote wa kandanda hukosea, ila makosa ya mlinda lango hayana pa kujifichia. Mshambuliaji aweza kupoteza nafasi tano za wazi, akafunga ya sita, na usiku huo akaimbwa. Mlinda lango aweza kuokoa mikwaju ishirini, akaponyokwa na mmoja, na huo mmoja ndio utakaosimuliwa. Kwa hiyo mtu atakaye kujua namna bingwa anavyojifunza kutokana na kukosolewa, na amtazame kipa. Na miongoni mwa makipa, sijui maisha yenye funzo kubwa kuliko ya Lev Ivanovich Yashin, Mrusi aliyeaga dunia mwaka 1990.

Yashin alizaliwa jijini Moscow tarehe 22 Oktoba 1929, katika ukoo wa wafanyakazi wa viwandani. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Vita Vikuu vya Pili vilipoifikia nchi yake mwaka 1941, kiwanda alimofanya kazi baba yake kilihamishwa mbali na mji mkuu, na jamaa yote ikahama nacho. Wanaume wazima walikuwa vitani, na watoto ndio waliojaza nafasi zao penye mitambo. Lev aliingia kiwandani akiwa hajatimiza miaka kumi na minne, akawa mtu wa zamu na jasho katika umri ambao wenzake wa nchi nyingine walikuwa bado wakikimbizana viwanjani. Kandanda aliicheza baada ya kazi, na kwa kuwa alikuwa mrefu, wakubwa walimtuma akasimame langoni.

Alipofikia umri wa miaka kumi na minane, mwili na akili vilikataa. Leo tungesema alipatwa na maradhi ya msongo na huzuni. Alishindwa kwenda kazini, na katika Umoja wa Kisovieti wa siku hizo kutokwenda kazini bila ruhusa lilikuwa kosa lenye adhabu ya kisheria. Aliokolewa na shauri la watu waliomwambia ajitolee jeshini kabla hajaandamwa. Ni huko jeshini, akidaka mipira katika timu ya askari, alikoonwa na Arkady Chernyshev, mkufunzi wa vijana wa klabu ya Dynamo Moscow. Mwaka 1949 akaingizwa Dynamo, klabu ambayo hakuihama mpaka alipotundika glavu.

Msomaji asiyeijua hadithi hii huenda anatarajia kuwa tangu hapo mambo yalimnyookea. Yalimwendea mrama kuliko anavyoweza kudhani. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1950, Dynamo ilicheza mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Traktor ya Stalingrad. Mlinda lango wa Traktor aliupiga mpira mrefu, upepo ukausukuma kuelekea lango la Dynamo, Yashin akatoka mbio kuukabili, akagongana na beki wake mwenyewe, na mpira ukajiviringishia wavuni pasipo mtu kuuzuia. Bao hilo lilitoka miguuni mwa kipa mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa uwanja! Wachezaji mashuhuri wa Dynamo waliokuwa wakitazama walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwezi Julai mwaka uo huo, kipa wa kwanza Alexei Khomich aliumia katika mechi ya ligi dhidi ya Spartak, mahasimu wao wakubwa wa jijini. Yashin akaingizwa huku Dynamo ikiongoza kwa bao 1 kwa 0. Dakika zikiwa zinayoyoma, mpira wa juu ulimiminwa langoni, akautokea, akagongana tena na mchezaji wa upande wake, na Spartak wakasawazisha. Husimuliwa kwamba baada ya mechi hiyo afisa mmoja mkubwa aliingia katika chumba cha wachezaji akifoka, akitaka kijana huyo aondolewe kabisa. Baadaye, dhidi ya Dinamo ya Tbilisi, timu yake iliongoza kwa mabao 4 kwa 1, wapinzani wakarudisha yote matatu, na Dynamo ikanusurika kwa ushindi wa 5 kwa 4. Baada ya hapo Yashin alirudishwa timu ya akiba. Hakuonekana tena katika mechi za ligi za timu ya kwanza mpaka mwaka 1953.

Hapa ningependa tusimame kidogo. Kijana huyu alikuwa amepokea ukosoaji wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa kicheko cha wenzake na hasira ya mkubwa. Ukiuchunguza ukosoaji huo kiisimu, utaona umejengwa juu ya kishirikishi kipungufu ni. Unamwambia mtu kuwa yeye ni hivi au ni vile: ni butu, ni mkosi, ni mzembe. Walimu wa Kiswahili wanajua kwamba kishirikishi hicho hakichukui kiambishi cha wakati. Hakina jana wala kesho. Anayeambiwa kwamba ni mzembe hakupewa siku uzembe ulipoanza wala siku utakapokoma; amefungiwa ndani ya nomino, na ufunguo umetupwa.

Ukosoaji wa pili hutumia kitenzi chenye wakati na mahali. Umetoka langoni mapema mno. Umeufuata mpira bila kumtahadharisha beki. Sentensi za aina hii zaweza kuuma kuliko tusi, kwa maana zinasema kweli na zinalenga penyewe. Hata hivyo zina mlango wa kutokea. Tendo lililotendwa jana laweza kutendwa vingine kesho. Anayekosolewa hivyo hutoka akiwa na kazi ya kufanya, hali yule mwenzake hutoka akiwa na jina la kubeba.

Yashin angekuwa na kisingizio cha kulibeba jina na kwenda zake. Hakufanya hivyo, na sababu moja ni kwamba alikuwapo mtu mzima aliyekataa kumhukumu kwa dakika tatu nne za maisha yake. Chernyshev hakumfukuza, wala hakumpamba kwa sifa asizozistahili. Alimpa mahali pa kufanyia kazi. Chernyshev alikuwa pia mkufunzi wa hoki ya kwenye barafu, tena mkufunzi hodari ambaye mwaka 1954 aliiongoza nchi yake kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Akamweka Yashin katika lango la timu ya hoki ya Dynamo. Katika mchezo huo kinachodakwa si mpira mkubwa bali ni kisahani kidogo kigumu, kinachoruka kwa kasi ya kutisha kutoka umbali mfupi, tena kupitia msitu wa miguu. Lango ni dogo, na kipa hujifunza kuliziba kwa kuchagua mahali pa kusimama, kwani muda wa kuruka mara nyingi haupo. Mwaka 1953 timu hiyo ilitwaa Kombe la Umoja wa Kisovieti, langoni akiwa Yashin.

Wakati huo huo alikuwa akimtazama Khomich. Mkongwe huyo, aliyepewa lakabu ya Chui Milia baada ya ziara ya Dynamo huko Uingereza mwaka 1945, alikuwa mfupi na mwepesi, stadi wa kuruka. Yashin alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyoonekana haina mwisho. Asingeweza kuwa Khomich wa pili, na kama angejaribu kumwiga huenda tusingelijua jina lake. Alichukua kwa bingwa huyo bidii na nidhamu, kisha akatafuta njia yake mwenyewe.

Njia hiyo ndiyo inayonivutia zaidi kama mtu wa lugha. Turudi kwenye makosa ya mwaka 1950. Katika mechi ya Traktor na katika mechi ya Spartak, Yashin aligongana na wachezaji wa timu yake. Kosa hilo halikuwa la mikono wala la miguu. Lilikuwa kosa la mawasiliano. Watu wawili wa upande mmoja waliufuata mpira mmoja kwa kuwa hapana aliyemwambia mwenzake mpira huo ni wa nani. Aliyeona kicheko tu angesema kijana hana kipaji. Aliyeliona tendo angesema kijana hatumii sauti yake.

Na kitu gani kilimtofautisha Yashin na makipa wengine alipokomaa? Wote waliocheza naye wanakumbukwa kukubaliana kwamba alikuwa na sauti. Alipaza sauti tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Aliwapanga mabeki, aliwaonya juu ya mtu anayewanyemelea, aliwaambia mpira upi waache na upi wauondoe. Alitoka katika eneo lake kuukata mpira kabla haujamfikia mshambuliaji, jambo ambalo zama zile lilionekana kama wazimu. Alipodaka, hakuupiga mpira ovyo mbele bali aliurusha kwa mkono kwa mwenzake aliyekuwa huru, na shambulizi likaanzia langoni. Kipa aliyewahi kudhaniwa hajui lini atoke na lini akae akawa mwalimu wa dunia nzima katika sanaa hiyo ya kutoka. Siwezi kuingia kifuani mwake na kuapa kwamba aliketi akayachambua makosa yale mawili kama nilivyoyachambua mimi. Lakini nikiutazama mwanzo na mwisho, naona kosa lililotenduliwa hasa pale lilipotendeka.

Matunda yalikuja kwa mfululizo. Dynamo ilitwaa kombe la nchi mwaka 1953, kisha ubingwa wa ligi mwaka 1954, 1955, 1957 na 1959. Mwaka 1954 Yashin aliitwa timu ya taifa. Mwaka 1956 alivikwa nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne, baada ya kuishinda Yugoslavia 1 kwa 0 katika fainali. Tarehe 10 Julai 1960, jijini Paris, Umoja wa Kisovieti uliishinda Yugoslavia tena, safari hii 2 kwa 1 katika muda wa ziada, ukawa bingwa wa kwanza wa kombe la mataifa ya Ulaya. Kwa vazi lake jeusi na mikono iliyofika kila pembe, mashabiki walimpa jina la Buibui Mweusi.

Lau hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, ila isingetufaa sana. Ingetudanganya kuwa hali ya kujiamini hujengwa mara moja, ikaezekwa, na mwenyewe akahamia humo milele. Mwaka 1962 Yashin alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na mashindano ya Kombe la Dunia yalikuwa Chile. Katika mji wa Arica, Umoja wa Kisovieti uliongoza 4 kwa 1 dhidi ya Kolombia. Mchezaji Marcos Coll akapiga kona, mpira ukampita beki aliyesimama penye mlingoti wa karibu na ukaingia moja kwa moja wavuni. Hadi leo hilo ndilo bao la pekee la kona ya moja kwa moja katika fainali za Kombe la Dunia za wanaume. Mechi iliisha 4 kwa 4. Siku saba baadaye, katika robo fainali mjini humo humo, wenyeji Chile waliwashinda 2 kwa 1, na mabao yote mawili yalitokana na mikwaju ya mbali.

Mashabiki wa Moscow hawakuziona mechi hizo. Hapakuwa na matangazo ya televisheni ya moja kwa moja kutoka bara lile la mbali. Walichokuwa nacho ni maneno ya redio na magazeti, na maneno hayo yalimtwika mlinda lango mzigo wote. Hata nje ya nchi waliandika kwamba enzi yake imekwisha. Aliporudi nyumbani alizomewa uwanjani kila alipogusa mpira. Madirisha ya nyumba yake yalivunjwa kwa mawe, na barua za vitisho zikamfikia. Taifa zima lilikuwa limesoma ripoti ya mtihani ambao halikuuona ukifanywa.

Yashin alifikiria kuachana na kandanda. Kilichomzuia nacho kinastahili kuangaliwa na walimu. Waliomsimamia Dynamo hawakumsukuma uwanjani ili ajionyeshe mwanamume, wala hawakumfutia jina. Walimpa muda. Alikwenda mashambani akavua samaki, burudani aliyoipenda maisha yake yote, akakaa mbali na kelele. Aliporejea, alianza kwa mechi za ugenini, mbali na umati wa Moscow uliokuwa ukimzomea, mpaka mikono na moyo vikakubaliana tena.

Mwaka 1963 Dynamo ilitwaa ubingwa wa ligi. Katika mechi 27 alizocheza, Yashin alifungwa mabao 6 tu. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo, Chama cha Kandanda cha Uingereza kilipoadhimisha miaka mia moja, aliteuliwa kuwa kipa wa kikosi cha dunia dhidi ya Uingereza uwanjani Wembley. Alicheza kipindi cha kwanza, na hakufungwa hata bao moja. Wiki chache baadaye, huko Roma, aliudaka mkwaju wa penalti wa Sandro Mazzola, na sare ya 1 kwa 1 ikaiondoa Italia katika kombe la mataifa ya Ulaya. Mwisho wa mwaka alitunukiwa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Mpaka leo hakuna mlinda lango mwingine aliyewahi kuipata. Miezi kumi na minane tu ilikuwa imepita tangu Arica.

Najua yupo msomaji atakayenipinga. Atasema kwamba kicheko cha mwaka 1950 na mawe ya mwaka 1962 ndivyo vilivyomtia Yashin uchungu wa kufaulu, na kwamba bila ukali pasingekuwa na bingwa. Hoja hii husikika sana katika vyumba vya walimu, na imevaa joho la methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Jibu langu ni kwamba tunawahesabu walionusurika tu. Kwa kila Yashin aliyechekwa akainuka, hatujui ni vijana wangapi waliochekwa wakaondoka kimya kimya, wala hakuna gazeti lililoandika habari zao. Tena tukitazama kwa makini, kicheko hakikumfundisha jambo lolote. Kicheko hakikumwambia asimame wapi wala atoke lini. Yaliyomfundisha ni mazoezi ya timu ya akiba, barafu ya uwanja wa hoki, mfano wa Khomich na subira ya Chernyshev. Mawe yaliyovunja madirisha hayakumrudishia umahiri wake. Alirudishiwa na kazi iliyofanywa kidogo kidogo, mahali palipokuwa na utulivu.

Wala sisemi kwamba dawa ni kumwondolea mwanafunzi ukweli. Hilo nalo ni dhuluma. Zaidi ya miaka kumi na mitano sasa nimekuwa nikisahihisha insha na tasnifu, na nimeona madhara ya alama za huruma. Mwanafunzi aliyepewa sifa asizozifanyia kazi hujiamini mpaka siku ya kwanza ya dhiki, kisha huporomoka, kwa sababu hana kumbukumbu ya kosa hata moja alilowahi kulitendua kwa juhudi zake. Yashin aliporudi kutoka Chile alikuwa na kumbukumbu hiyo. Alikwisha kuanguka mwaka 1950 na alikwisha kuinuka mwaka 1953. Sidhani kama kuna nguzo ya kujiamini iliyo imara kuliko hiyo.

Walimu wenzangu, yatupasa tujiulize ni ukosoaji wa aina gani tunaouandika kwa kalamu nyekundu. Nimeyaona madaftari ya watoto yaliyojaa alama za mkasi bila neno moja la kueleza. Nimeona ripoti za shule ambazo maelezo yake yote ni nomino na vivumishi: mvivu, dhaifu, hana makini. Ripoti hizo hazisemi mtoto ametenda nini, wapi, na afanye nini muhula ujao. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi umetuletea tathmini za mara kwa mara. Ni fursa njema. Lakini tathmini hata zikiwa mia, zikiishia kwenye kubandika jina, zitakuwa zimeongeza tu idadi ya vicheko. Mwalimu anayeandika kwamba aya ya pili imeacha hoja iliyoanzishwa katika aya ya kwanza amempa mwanafunzi kazi ya jioni moja. Anayeandika kwamba insha ni mbovu hakumpa lolote ila usiku mrefu. Na baada ya kusahihisha, ni sharti turudishe kazi hiyo ifanywe upya, kwa kuwa kosa lililoonyeshwa bila nafasi ya kulitendua hugeuka kovu.

Nanyi wanafunzi mna wajibu wenu. Si kila anayewakosoa atakuwa hodari wa kuchagua maneno. Mtakutana na wakufunzi wanaofoka na walimu wanaochoka. Ukibandikwa jina, litafutie kitenzi. Ukiambiwa u mzembe, uliza ni kazi gani hukuimaliza. Ukiambiwa hujui Kiswahili, uliza ni upatanisho gani wa ngeli uliokushinda. Mara nyingi utakuta ndani ya ganda chungu la tusi mna kokwa ndogo ya ukweli, na hiyo ndiyo ya kuchukua, ganda litupe. Isitoshe, usione haya kukaa timu ya akiba. Yashin alikaa huko miaka mitatu hivi, na aliyotoka nayo yalimtosha kwa miaka kumi na saba iliyofuata.

Alicheza fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1966 nchini Uingereza, ambako nchi yake ilimaliza ya nne. Mwaka 1970 alisafiri na timu hadi Meksiko, mwenye umri wa miaka arobaini, ajuapo kwamba vijana ndio watakaocheza na yeye atakuwa wa kuwashauri. Kwa jumla aliichezea Dynamo mechi 326 za ligi, akatwaa ubingwa mara 5 na kombe la nchi mara 3. Mwezi Mei mwaka 1971, mashabiki wapatao 100,000 walijaa katika uwanja mkuu wa Moscow kumuaga, mji ule ule uliowahi kumzomea. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Alikatwa mguu, na saratani ikamwondoa tarehe 20 Machi 1990 akiwa na umri wa miaka sitini. Urusi ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2018, picha iliyochaguliwa kupamba bango rasmi ilikuwa yake, akiwa hewani na mkono umeunyookea mpira. Tangu mwaka 2019, mlinda lango bora wa mwaka hutunukiwa tuzo yenye jina la Yashin.

Kila kipa anayeipokea tuzo hiyo anapokea jina la mtu aliyeanza kwa kufungwa bao na kipa mwenzake. Laiti mwaka 1950 pasingekuwapo mtu wa kulitenganisha kosa na mkosaji, kandanda ingempoteza bingwa huyo bila hata kujua. Basi kabla hatujaishika tena kalamu nyekundu, na tukumbuke kwamba miongoni mwa madaftari yaliyo mbele yetu huenda mmo la mtoto aliye katika mwaka wake wa 1950. Atakayoyasoma humo kesho yatampa kazi ya kufanya, au yatampa jina la kubeba.